Moshi Uliohamia kwa Deneen Pinkney

Jumanne ya pili ya Oktoba, saa tatu na robo asubuhi, mvua nyepesi isiyo na upepo ilikuwa ikinyesha juu ya maegesho ya kampuni ya Tidewell, kando ya barabara kuu inayotoka Baltimore kwenda Washington. Deneen Pinkney alifunga mlango wa gari, akafungua mwavuli, akauinamisha kidogo upande wa kushoto ili moshi wake usilowe.

Moshi huo ulikuwa na ukubwa wa mto wa kulalia. Ulikaa hewani karibu na bega lake la kushoto na kumfuata alikokwenda. Ulimjia mwezi Agosti, siku moja baada ya kutuma maombi ya kibali cha usalama. Katika maombi hayo aliulizwa kama amewahi kutumia dawa za kulevya, naye akajibu kwamba aliwahi kuvuta bangi mara tano, zote akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na ya mwisho miaka minne iliyopita. Alipoamka asubuhi, moshi wa mara hizo tano ulikuwa umeketi kwenye kiti cha chumbani, juu ya nguo alizozipanga jioni. Aliusogeza kwa mkono, akachukua blauzi, akaenda kupiga mswaki.

Ofisini hakuna aliyeuliza. Kila mwombaji aliyekiri alikuja na moshi wake, mmoja kiasi cha ngumi, mwingine kiasi cha kondoo. Kengele za moto hazikulia, kwa kuwa moshi huo ulikuwa wa zamani. Wafanya usafi walipita na mashine zao pembeni, kama wapitavyo pembeni ya miguu ya watu.

Tidewell iliajiri mafundi wa kompyuta kwa ajili ya ofisi kubwa ya serikali iliyojengwa nyuma ya miti, upande wa pili wa barabara. Fundi asiye na kibali hakuruhusiwa kuvuka. Hadi kibali kitoke, alikaa katika Chumba cha Kusubiri, kwenye ghorofa ya chini isiyo na madirisha, akalipwa mshahara kamili kwa kutazama mafunzo ya namna salama ya kupanda ngazi. Kibali kikitoka, alivuka barabara na kuanza kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kikikataliwa, ajira yake iliisha siku hiyo hiyo, na si kwa Tidewell peke yake. Kazi zote za maana kwenye barabara ile zilikuwa za serikali, na kila fomu ya serikali iliuliza kama mwombaji amewahi kunyimwa kibali. Aliyenyimwa mara moja angejibu ndiyo maisha yake yote.

Deneen alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na hiyo ndiyo kazi aliyoisomea.

Kwenye Chumba cha Kusubiri aliyekaa muda mrefu zaidi alikuwa Bwana Sodhi, mhandisi aliyezaliwa na wazazi wenye jamaa wengi ng'ambo, ambao wote ilibidi waulizwe. Alikuwa amesubiri hadi ukoga wa kijani ukamwota upande wa kaskazini, kuanzia kiatu hadi kiwiko. Bi. Tuttle, msimamizi wa chumba, alimkwangua kila Ijumaa kwa kijiti cha kukorogea kahawa. Walizungumza juu ya wajukuu wakati wa kazi hiyo.

Ni Bi. Tuttle aliyewapokea wageni siku ya kwanza, akasimama mbele ya ubao na kusema: "Serikali husamehe moshi. Haisamehi uongo." Wageni waliandika. Deneen aliamini, kwa sababu kwao waliiamini serikali. Babu yake aliiendeshea gari, baba yake aliibebea barua, na shangazi yake Odessa alikokotoa pensheni zake kwa miaka thelathini na kwa kazi hiyo akanunua nyumba ya matofali huko Laurel. Katika ukoo wa Pinkney, mtu aliyepata kazi ya serikali alitangazwa kanisani.

Asubuhi hiyo ya Jumanne, Garrett Hoyle alimkuta Deneen kwenye mashine ya kahawa. Walisoma chuo kimoja na kuajiriwa siku moja. Misokoto yote aliyovuta Deneen ilikuwa ya Garrett. Aliivutia katika chumba ambacho Garrett alipanga chini ya nyumba ya watu, chenye godoro lenye unyevu na mashine ya kufulia. Deneen alivuta mara tano. Garrett alivuta kabla ya mitihani, wakati wa mitihani, na mitihani ilipokwisha.

"Leo ndiyo leo, Dee," alisema Garrett.

"Leo ndiyo leo."

"Akikuuliza ulikuwa na nani?"

"Nitamwambia."

"Sema 'marafiki'. Si uongo huo. Kwani mimi si rafiki yako?"

"Na wewe Alhamisi utasemaje?"

"Mimi?" Garrett alipuliza kahawa yake. "Mimi mtoto wa watu, nalala mapema."

Akacheka. Kicheko chake kilitokea puani na kukwama mwishoni, kama mlango unaogoma kufunguka. Deneen naye akacheka. Kisha akaenda kuhojiwa.

Mchunguzi aliitwa Harlan Stroud. Alikuwa polisi mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya chini na viatu vilivyobadilishwa soli. Alining'iniza utepe wa kupimia shingoni, kama fundi cherehani. Alimwapisha Deneen, akamwomba asimame wima, akaupima moshi urefu, upana na kimo.

"Usipumue upande huu tafadhali," alisema. "Mara tano?"

"Mara tano."

"Inalingana." Aliandika. "Ulikuwa na nani?"

"Marafiki."

"Marafiki," alisema Bwana Stroud, akaandika neno hilo pia. "Sasa, la mwisho. Huko mbele, utavuta tena?"

"Hapana. Sitavuta tena, Mungu akipenda."

Kalamu ya Bwana Stroud ilisimama.

"Mungu akipenda," alirudia.

"Ndiyo."

"Bi. Pinkney, hapa pana nafasi ya ndiyo au hapana. Sina nafasi ya akipenda. Nikuulize tena. Utavuta?"

Deneen alilelewa na watu wasiosema watakwenda dukani bila kuongeza maneno hayo. Shangazi Odessa aliwahi kumwita arudi kutoka kituo cha basi la shule kwa sababu alisema "tutaonana jioni" na kuishia hapo. Alifungua kinywa ili aseme hapana tupu.

"Sitavuta," alisema, "Mungu akipenda."

"Naandika kwamba ahadi ina sharti," alisema Bwana Stroud bila hasira. Alikunja utepe, akampa mkono, akamtakia siku njema.

Jioni hiyo Shangazi Odessa alikaanga samaki. Alisikiliza habari yote akiwa amempa mgongo Deneen, akigeuza vipande mafutani.

"Na hapo mwisho ukamjibuje?"

"Nikamwambia sitavuta tena, Mungu akipenda."

Shangazi alizima jiko. "Deneen."

"Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nilikufundisha uwe na adabu, sikukufundisha uwe mjinga. Siku moja tu, mwanangu! Ungemwacha Mungu garini. Angeelewa. Ameshafanya kazi na serikali huyo, anajua fomu zao."

"Yalinitoka tu, shangazi."

"Yalikutoka." Shangazi alivuta kiti, akaketi, akapandisha gauni hadi magotini, akaanza kujipaka dawa. "Na moshi wenyewe, aliusemaje?"

"Alisema unalingana."

"Basi kula. Unaolingana haudaiwi kitu."

Dawa hiyo ya magoti ilitengenezwa kwa bangi. Shangazi aliinunua kwenye duka lenye leseni, lililotazamana na lango la Tidewell, kati ya duka la matairi na mahali pa kuoshea magari. Jimbo la Maryland lilikuwa limeruhusu bangi kwa kila mtu mzima na kukusanya kodi yake, na siku za mwisho wa juma foleni ilifika hadi kwenye matairi. Serikali kuu haikuwa imeruhusu. Mpaka kati ya sheria hizo mbili haukuwa na alama yoyote barabarani. Ulipita katikati ya watu.

Alhamisi Garrett alihojiwa saa nne asubuhi. Aliapishwa, akaulizwa kama amewahi kuvuta bangi, akasema hapana. Alisema vizuri, kwa sauti ya kawaida, akimtazama Bwana Stroud usoni.

Moshi wa asiyekiri kwenye fomu husubiri kuitwa. Swali la kiapo huuita, na jibu huufungulia mlango au huufungia. Moshi wa Garrett uliitwa, ukafika hadi kwenye kola ya shati lake, ukasikia hapana. Ulifanya kama afanyavyo mgeni aliyekataliwa mlangoni: ulikwenda kwa mtu mwingine pale mjini uliyemfahamu. Ulipita chini ya mlango, ukafuata ukumbi, ukateremka ngazi ukishika upande wa kulia kama mafunzo yanavyoagiza, ukaingia katika Chumba cha Kusubiri, ukamzunguka Deneen na kutulia.

Haukuwa mdogo. Ulijaza nafasi kati ya meza tatu. Ulinuka godoro lenye unyevu na sabuni ya kufulia. Ndani yake, mara moja moja, kilisikika kicheko cha puani kilichokwama mwishoni.

Watu waliinua vichwa kutoka kwenye mafunzo yao. Wote walikuwa wamefanya kazi na Garrett tangu Julai. Wakainamisha vichwa tena.

"Kicheko hicho nakifahamu," alisema Bwana Sodhi, taratibu.

"Bwana Sodhi," alisema Bi. Tuttle, "wewe ukoga wako unatosha. Tazama ngazi yako."

Garrett aliporudi hakuingia chumbani. Deneen alimkuta maegeshoni saa ya chakula cha mchana, amekaa garini na mkate wa nyama mkononi. Aliteremsha kioo cha dirisha nusu.

"Garrett, moshi wako uko kwangu."

"Mimi sina moshi, Dee. Stroud ameangalia mwenyewe, kanizunguka mara mbili."

"Unanuka godoro lako."

"Magodoro yote yananuka."

"Unacheka, Garrett. Unacheka kicheko chako katikati ya mafunzo."

Garrett aliutazama moshi. Ulikuwa umeegemea gari la jirani. Hakuonyesha kushangaa, wala kuona haya. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri taa za barabarani zibadilike.

"Nisikilize," alisema. "Mwaka mmoja tu. Wacha niingie kwanza. Nikishaingia, nitakusemea."

"Utasema nini?"

"Nitasema wewe ni mtu mkweli. Hata leo nimekusemea. Si uliandika jina langu kati ya watu wanaokujua? Basi kaniuliza juu yako."

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema ulivuta, lakini si sana."

"Kakuuliza umejuaje?"

"Nikasema nilikuwa napita."

"Pale chini? Hakuna njia pale, Garrett. Pana ukuta."

"Hakuuliza habari ya ukuta," alisema Garrett. Akapandisha kioo taratibu, ili asiubane moshi.

Tangu siku hiyo Deneen alisafiri na moshi kwenye kiti cha nyuma, dirisha moja likiwa wazi. Nyumbani ulichukua sofa yote. Jumapili, baada ya ibada, akina mama watatu wa kwaya walikuja kunywa chai. Walikaa kwenye viti vya jikoni, wakaupepea moshi kwa pepeo za karatasi ambazo kampuni ya mazishi hugawa kanisani, kwa heshima, kama wampepeavyo mtu aliyezidiwa na Roho. Mkubwa wao, Dada Earlene, aliunusa kwa muda mrefu.

"Huu si wako wote, mtoto," alisema.

"Najua, mama."

"Humu ndani mna mwanamume."

"Ni mfanyakazi mwenzangu."

"Basi mwambie aje achukue mali yake. Hapa si bohari."

"Nimemwambia. Anasema si yake."

Dada Earlene alitikisa kichwa. "Ndivyo wasemavyo wote. Odessa, sukari iko wapi?"

Usiku wa Jumapili hiyo Shangazi Odessa hakupanda kulala mapema. Aliketi mkabala na sofa, mikono mapajani.

"Utamtaja," alisema.

"Nilishasema marafiki, shangazi. Nikimtaja sasa, ataniuliza kwa nini sikumtaja mwanzo."

"Mwambie ulikuwa unamficha rafiki."

"Wakisikia nilificha jambo moja, watauliza la pili."

"Mtaje hivyo hivyo." Shangazi aliutazama moshi. Moshi ukacheka. "Nimefanya kazi mle miaka thelathini, mwanangu. Nilimwona mtu mkweli akifukuzwa. Nilimwona mwongo akipewa saa ya dhahabu na keki. Nilikula keki hiyo. Lakini sijamwona aliyenyamaza akapewa chochote."

Bwana Stroud alirudi Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Utepe wake haukutosha, kwa hiyo aliuunga na mwingine kwa pini. Alipima akizunguka meza, akapanda kiti ili afikie juu, akateremka, akafanya hesabu, akairudia.

"Bi. Pinkney, ulisema mara tano."

"Mara tano."

"Huu si moshi wa mara tano. Huu ni wa mara mia mbili na zaidi. Mwezi uliopita ulilingana. Nini kimetokea?"

"Uliobaki si wangu. Ni wa Garrett Hoyle. Ulikuja Alhamisi ile, baada ya wewe kumhoji."

Bwana Stroud alifungua kurasa zake za nyuma. "Bwana Hoyle hana moshi. Nilimwangalia mwenyewe."

"Hana kwa sababu uko hapa."

"Mimi humpima mwenye moshi. Asiye na moshi nitampima nini?"

"Usikilize basi. Ngoja kidogo tu."

Walisubiri. Kiyoyozi kilizima, chumba kikawa kimya, na moshi ukacheka kwa pua, ukakwama mwishoni. Bwana Stroud aliusikia. Ilionekana kwamba ameusikia, kwa kuwa aliinua macho hadi mahali sauti ilipotoka.

"Hicho ni kicheko chake," alisema Deneen.

"Inawezekana," alisema Bwana Stroud. "Nimeona hivi mara nyingi, Bi. Pinkney. Pennsylvania nilimpima mwalimu mmoja aliyekuwa na moshi wa mtaa mzima. Lakini kicheko hakiapishwi. Siwezi kukiweka kwenye taarifa." Akageuza ukurasa. "Tena Oktoba nilikuuliza ulikuwa na nani, ukasema marafiki. Leo unamtaja mtu ambaye yuko mbioni kupata kibali. Atakayesoma atauliza, kwa nini leo?"

"Aliniomba nisimtaje."

"Nitaandika hivyo." Aliandika. "Atakayesoma atauliza kama ukiombwa jambo jingine pia utakubali."

Deneen aliusogeza moshi kidogo kutoka usoni.

"Njia ipo," aliendelea Bwana Stroud, kwa sauti ile ile ya fundi anayemwonyesha mteja vitambaa. "Unaweza kubadilisha idadi. Ukisema mara mia mbili, hesabu na moshi vitalingana. Wanapenda vilingane."

"Lakini nilivuta mara tano."

"Ndiyo."

"Na nikibadilisha, ya kwanza itakuwa uongo."

"Itakuwa uongo uliosahihishwa. Huo una msamaha kidogo."

Deneen aliiwaza njia hiyo. Aliufikiria mshahara, na fomu zote ambazo angezijaza hadi uzee wake. Alimfikiria pia Bi. Tuttle mbele ya ubao. Mawazo hayo yalipita mbele yake bila kumgusa, kama mabehewa ya mizigo yanayopita mtu akiwa amesimama kwenye kivuko.

"Mara tano," alisema.

"Sawa. Na huko mbele? Lile sharti bado lipo?"

"Naomba nijaribu tena."

"Jaribu."

Alivuta pumzi. Alishika kingo za meza. Alisema sitavuta tena, akafunga midomo, akaikaza. Bwana Stroud alisubiri, kalamu juu ya nafasi ya hapana. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na alisubiri zaidi ya ilivyokuwa lazima. Mwishowe Deneen alihitaji hewa.

"Mungu akipenda," alisema.

"Pole," alisema Bwana Stroud, na akaandika.

Uamuzi ulifika mwishoni mwa Novemba, kabla ya sikukuu ya Shukrani ya kula bata mzinga, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Kwa taratibu za kampuni ilikuwa lazima Bi. Tuttle amsomee mhusika kwa sauti. Alisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, mwombaji hakusema kweli kuhusu kiasi cha bangi alichotumia, kama moshi wake unavyothibitisha. Ya pili, ahadi yake ya kutotumia tena inategemea ridhaa ya mtu wa tatu, ambaye hakuweza kupatikana kwa mahojiano.

Bi. Tuttle alikunja karatasi.

"Ulituambia serikali husamehe moshi," alisema Deneen.

"Husamehe," alisema Bi. Tuttle. "Nimeona ikisamehe. Garrett imemsamehe jana."

"Garrett alisema hana."

"Ndiyo maana ilikuwa rahisi." Bi. Tuttle alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. Hakuwa akifanya mzaha. "Nahitaji beji yako, mpenzi, na kadi ya maegesho. Sanduku la vitu vyako nimelipanga mwenyewe. Kikombe nimekifunga kwa gazeti."

Bwana Sodhi alisimama kumuaga. Ilimchukua muda, kwa sababu kiti kilikuwa kimeanza kumshika.

"Utafanya nini?" aliuliza.

"Nitatafuta kazi."

"Watakuuliza kama umewahi kunyimwa."

"Watauliza."

"Na utasemaje?"

"Nitasema ndiyo."

Bwana Sodhi alitikisa kichwa polepole, akampa mkono ule usio na ukoga.

Ilikuwa saa nne na nusu, jua limetoka lakini halina joto. Bi. Tuttle alifuta jina la Deneen kwenye ubao na kuandika la kijana aliyekuwa akianza Jumatatu. Bwana Sodhi alirudi kwenye mafunzo ya ngazi, somo la kushuka. Bwana Stroud, ambaye wakati huo alikuwa Delaware, alinunua utepe mrefu zaidi na kutunza risiti. Garrett Hoyle aliipitisha beji yake mpya langoni, upande wa pili wa barabara, taa ikawa ya kijani, akaingia. Shangazi Odessa alipokea simu, akasema "haya, njoo nyumbani," akasukuma meza ndogo ya sebuleni hadi ukutani, kisha akavuta kiti hadi pale ilipokuwa meza, akakaa kumsubiri. Deneen aliweka sanduku kwenye kiti cha nyuma, kwa hiyo ilibidi moshi ukae mbele. Alikirudisha nyuma kiti cha abiria hadi mwisho, akaufungulia mlango, ukaingia. Alipowasha gari, kengele ya mkanda ilianza kulia, na haikunyamaza. Aliuvuta mkanda, akaupitisha juu ya moshi, akaubana. Kengele ikanyamaza. Akatazama kioo, akarudi nyuma taratibu, akaingia barabarani.